Ombi la Kuchomelea Kiti cha Mjomba Kisilale Tena

Kwa Msimamizi,
Karakana ya Viti vya Magurudumu,
Hospitalini.

Kumb: Nyumbani/Zinazotoka/7

Ndugu Msimamizi,

YAH: KITI CHA MAGURUDUMU KINACHOLALA NYUMA, ALICHOAZIMWA MJOMBA WANGU

Ni tumaini langu kwamba barua hii itakukuta umekaa, na kwamba ulichokalia hakisogei.

Mimi ni karani wa masijala katika ofisi ya ardhi. Nina miaka ishirini na minne, sina ugomvi na mtu, na hii ndiyo barua yangu ya kwanza ya malalamiko. Za watu wengine nimezipokea na kuzigonga muhuri kwa miaka mitatu, na nilichojifunza ni kwamba barua yenye namba hujibiwa mapema kuliko barua yenye machozi. Kwa hiyo nitatumia namba.

Kwanza historia fupi. Mjomba ni kaka mkubwa wa mama. Alikuwa mwashi kwa miaka arobaini. Ukipita mtaani kwetu, ukuta ulionyooka ni wake, na uliopinda ni wa mtu aliyekataa ushauri wake. Miezi saba iliyopita kiharusi kilimchukulia mkono wa kulia, mguu wa kulia na sehemu kubwa ya maneno. Yaliyobaki yapo, ila yanatoka moja moja, na kati ya moja na jingine mtu anaweza kufunga kamba za viatu vyote viwili. Kwa miezi mitano alilala chali akitazama dari. Ndipo mkamletea kiti, na mimi nikatia sahihi kwenye fomu yenu, mahali palipoandikwa "mwangalizi aliyefundishwa". Sahihi ile ndiyo chanzo cha yote yanayofuata.

Nilisaini mimi kwa sababu mama ana maumivu ya mgongo na kwa sababu, kwa maneno yake, nina mikono miwili ambayo haijapata kazi tangu nimalize shule. Wiki mbili za kwanza nilichukua likizo nikashinda na mjomba. Siku hizi namhudumia asubuhi, mchana wakati wa mapumziko na jioni. Saa zilizobaki anashika mama, ambaye hakufundishwa na mtu na haogopi kitu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mafunzo yalikuwa mafupi na yalieleweka.

Fundi wenu, yule dada mwenye miwani ambaye mjomba alimpachika jina la Dada Spana kabla hajafungua hata begi lake, alinifundisha kwa saa moja na nusu, kisha akatangaza kwamba nimeelewa. Sipingi kwamba nilielewa. Nalalamika kwamba mtu anayeelewa huachwa peke yake.

Aliyosema nimeyahifadhi kwenye kurasa kumi na nne. Funga breki, zote mbili, kabla ya kugusa kingine chochote. Hakikisha vile vigurudumu vidogo vya nyuma vinavyozuia kiti kupinduka vimeshushwa. Mkanda wa nyonga ufungwe, vidole vinne vipite lakini ngumi isipite. Mkono wake dhaifu uwe juu ya mapaja, usining'inie pembeni ukasagwa. Kichwa kiguse tegemeo lake. Tazama nyuma kama kuna ukuta, paka au ndoo. Usitundike mfuko kwenye vishikio. Mwambie mtu unamlaza, ndipo umlaze, polepole, ukimtazama usoni.

Nilipofika ukurasa wa sita akaniuliza naandika nini. Nikamwambia nayaandika yote. Akasema, "Kaka, haya si ya kuandika, ni ya kufanya." Ndugu Msimamizi, mahali ninapofanya kazi, kisichoandikwa hakijafanyika. Nilimsamehe kwa kuwa hakulelewa masijala.

Halafu akanikalisha mimi kwenye kiti, akanifunga mkanda na kunilaza nyuzi thelathini, ili nijue mgonjwa anavyojisikia. Nilipiga kelele iliyomtoa mama jikoni na kisu mkononi. Mjomba alikuwa kitandani akitazama. Sitasema zaidi juu ya kelele ile isipokuwa kwamba ilikuwa nyembamba.

2. Vishikio vya kubana vinafanya kazi kinyume na woga.

Kwenye mipini ya kusukumia kuna vyuma viwili vya kubana, kama breki za baiskeli. Baiskeli ukiibana inasimama. Kiti chenu ukikibana kinaachia, kisha kinalala. Ukitaka kisimame, achia.

Huyo aliyekibuni bila shaka ni mtu mtulivu. Mimi nikiogopa, nabana. Siku ya pili nilimwambia mjomba kwamba nakilaza kidogo tu, nyuzi kumi. Nikabana. Kikaanza kwenda. Nikaogopa kinakwenda, nikabana zaidi. Kadiri nilivyobana ndivyo kilivyokwenda, na kadiri kilivyokwenda ndivyo nilivyobana, mpaka mjomba akawa ananitazama kutoka chini, uso wake juu-chini, kama mtu aliyefungua mlango akakuta mgeni ambaye hakumtarajia. Kilisimama kwa kuwa kilifika mwisho wake, si kwa juhudi zangu. Vyuma niliviachia baadaye sana, mama alipokuja kunibandua vidole kimoja kimoja.

Naomba karakana ifikirie kutengeneza kiti kinachosimama mwangalizi anapoingiwa na hofu. Kwangu mimi kitakuwa kimesimama muda wote.

3. Ratiba yenu haiendani na taratibu.

Dada Spana alieleza kwamba mtu asiyeweza kujiinua hukaliwa na uzito wake mwenyewe, na ngozi ya makalio huanza kufa kimyakimya. Kiti kikilala, uzito unahamia mgongoni na makalio yanapumua. Kwa mjomba aliagiza kila nusu saa alazwe kwa dakika chache, kisha ainuliwe.

Mimi nikafungua jalada. Nikachora fomu iliyoitwa Ombi la Kulaza, yenye nafasi ya tarehe, nyuzi zinazoombwa, sababu, dole gumba la mwombaji na sahihi ya anayeidhinisha. Mwidhinishaji nilimteua mama, ili nisiwe mwandishi, mtekelezaji na mkaguzi kwa wakati mmoja. Mama alikuwa akikanda unga. Alisema anaidhinisha. Nilimwambia idhini ya mdomo haifunguliwi jalada. Akanawa mikono, akatafuta miwani, akasaini, na unga ukakauka kwenye karai. Kwa wastani kila ombi lilichukua dakika arobaini na moja. Kwa hiyo ombi la pili lilifika la kwanza likiwa bado mezani, na jioni ya siku ya nne nilikuwa na maombi sita ambayo hayajashughulikiwa, yote ya mtu mmoja, yote yenye sababu moja, na mwombaji amekaa mbele yangu wima kama muhuri.

Siku ya tano mama alipomwosha mjomba aliona doa jekundu kwenye kalio la kulia, ukubwa wa kifuniko cha soda. Alilibonyeza kwa kidole na halikubadilika rangi. Alikuja sebuleni, akachukua fomu zote, zilizosainiwa na zisizosainiwa, akaenda kuwashia jiko.

Tangu siku hiyo mjomba amelazwa kila nusu saa bila ombi. Doa lilififia siku ya tatu baada ya hapo. Nilikwenda kulitazama kila asubuhi, na kila asubuhi nilikuwa na maneno ya kumwambia mjomba, nikaishia kumuuliza kama chai ina sukari. Nalalamika kwamba hamkutuonya kwamba fomu zinaungua upesi kuliko ngozi inavyopona.

4. Kiti hakina msimamo.

Hili ni zito, na nina vipimo. Ubavuni mwa kiti kuna kibao chenye nyuzi zilizochorwa, kuonyesha kimelala kiasi gani. Kwa kuwa mimi siamini maandishi ambayo sikuyaandika, nilichukua kipimapembe changu cha shule, nikakifunga uzi wenye nati chini yake, nikapima mwenyewe. Mjomba anashinda kibarazani, mgongo ukutani, uso uani. Kibao kinasema sifuri. Uzi wangu unasema kiti kimeinama mbele nyuzi tatu.

Nilikigeuza, uso ukutani. Kibao kikasema sifuri. Uzi ukasema kimeinama nyuma nyuzi tatu. Nikakiingiza chumbani, ambako Dada Spana alikikagua siku ya kwanza. Kibao sifuri, uzi sifuri. Nimerudia vipimo hivi mara kumi na moja, kwa siku tofauti, na matokeo hayajabadilika. Hitimisho langu ni kwamba kiti chenu kina adabu mbele ya mafundi na ndani ya vyumba, lakini kikitoka nje hufanya kinavyotaka, na kikigeuzwa kinabadilisha kauli.

Madhara yapo. Kibarazani mjomba anateleza mbele kwenye kiti kidogo kidogo, mpaka mkanda unampanda tumboni, na mama mwenye mgongo ule ule anamvuta nyuma kwa nyonga mara nne au tano kwa siku.

Kila nilipopima, mjomba alitaka kusema kitu. Alinyoosha mkono wa kushoto, kiganja chini, akauinamisha taratibu kuelekea uani, na mdomo ukaanza kutafuta neno. Nilielewa kwamba amechoka na anazama. Nikamwambia asijisumbue, nikamlaza apumzike. Akilala namna ile ulimi nao unarudi nyuma na maneno yanakwama kabisa, kwa hiyo akanyamaza. Kwenye safu ya maoni niliandika, mara zote kumi na moja: Mhusika hana maoni.

5. Lalamiko hili limefutwa baada ya mama kulisoma. Lilimhusu yeye.

6. Kiti kinatumika kwa mambo yasiyo ya tiba.

Ng'ambo ya barabara kuna nyumba inayoongezewa ghorofa. Mwashi wake ni Kipara, mtu mzima mwenye watoto wanne, aliyejifunzia kazi kwa mjomba. Mjomba akikaa wima kibarazani anaona ua wa michongoma. Akilazwa nyuzi kumi anaona dirisha. Akilazwa thelathini anaona ukuta mpya wote, mpaka tofali la kona.

Sasa anataka thelathini kutwa nzima. Nilipekua kurasa zangu zote kumi na nne nikitafuta nyuzi zinazoruhusiwa kwa ajili ya udadisi, hazimo. Akiwa amelala hapo huonyesha kwa mkono wa kushoto: pandisha, shusha, vua ile. Na Kipara, akiwa juu ya jukwaa, huacha mwiko, hutazama chini kwetu, huvuta kamba yake upya, kisha huvua mistari miwili ya matofali aliyoimaliza asubuhi. Mwenye nyumba alikuja kuniuliza kwa upole ni nani hasa anayesimamia ujenzi wake. Nilimwonyesha kiti.

Ni katika mambo haya ndipo nilipokosea jambo ambalo siwezi kulitupia karakana, nimejaribu. Ukurasa wa tisa unasema anywe na kula akiwa wima, kidevu kimeshuka kidogo, na akae wima nusu saa baada ya chakula. Alasiri moja alikuwa amelala ishirini, Kipara anaweka kona, na chai inapoa. Nikaona nisimkatize. Nikamnywesha pale pale. Akapaliwa. Alikohoa mpaka akatokwa na machozi, na mimi nikawa natafuta ukurasa badala ya kishikio. Aliyemwinua ni mama. Nilipoupata ukurasa wa tisa, alikuwa ameshatulia na ananifuta mimi jasho kwa mkono wake mmoja.

7. Jumamosi iliyopita kiti kiliondoka.

Nina daftari la matukio ya kiti. Tukio linasomeka hivi: Saa tatu na dakika kumi asubuhi, kibarazani, breki zote mbili zimefungwa. Mwandiko ni mzuri. Nilikuwa kwenye neno la mwisho kiti kiliponipita.

Nalieleza hili kwa aibu. Nina tabia ya kuandika kwanza na kufanya baadaye, kwa sababu kazini kwetu ndivyo vitu vinavyofanyika. Kiti kilivuka kibaraza chote, mjomba akiwa juu yake, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kusalimia jirani, kikielekea kwenye ngazi tatu za kushukia uani. Nilisimama na kalamu. Nawaambieni ukweli, nilisimama na kalamu. Kilichokizuia ni beseni la mama la kufulia, lililojaa maji na mashuka, hatua moja kabla ya ngazi.

Mjomba alianza kutoa sauti na mabega yakawa yanamtikisika. Nilijua anakata roho. Nilipiga magoti mbele yake kwenye maji ya sabuni, nikamshika uso, ndipo nikaona. Alikuwa anacheka. Mama anasema ni mara ya kwanza tangu kiharusi. Sipingi. Ila kicheko si kifaa cha usalama.

Kutokana na hayo, naleta kwenu maombi yafuatayo:

(a) Vyuma vya kubana vichomelewe, kiti kibaki wima na kisilale tena.

(b) Magurudumu yote yaondolewe, makubwa na madogo, pamoja na vile vigurudumu vya kuzuia kupinduka, maana kisichokwenda popote hakina pa kupindukia.

(c) Kama (a) na (b) haviwezekani, kiti kichukuliwe na gari lenu linalopita mtaani kwetu kila Jumatano, na mjomba arudi kitandani. Kitanda hakijawahi kuondoka.

(d) Sahihi yangu ifutwe kwenye fomu, na mahali pa "mwangalizi aliyefundishwa" paandikwe "jamaa".

Mama hajui kuhusu (c). Mjomba pia hajui. Najua maana ya (c), Ndugu Msimamizi, si kwamba sijui. Maana yake ni dari. Alasiri Kipara anapoanza mstari mpya mjomba huwa na saa nzuri sana, na nimekuwa nikiitazama saa hiyo kutoka mlangoni nikiwa na ombi hili mfukoni. Lakini mimi si mtu wa vyuma. Mimi ni mtu wa karatasi, na karatasi ikianguka unaiokota. Naogopa kwamba siku moja ataanguka mkononi mwangu, na daftari litakuwa limeandikwa vizuri sana.

Nifikishieni salamu kwa Dada Spana, ambaye hakukosea chochote isipokuwa kuniamini. Kwa mtunza stoo wenu. Kwa mlinzi wa getini anayewaandikisha wageni wote hata wanaokuja kwa machela. Huyo namheshimu kwa namna ya pekee. Kwa dereva wa gari la Jumatano. Na kwa wote mlio nao karakanani, waliokaa na waliosimama.

Wenu anayeshika vishikio kwa vidole vyote kumi,

Karani, masijala ya ofisi ya ardhi.

Nakala: Jalada la Kiti (nyumbani).

Baada ya kusaini:

Barua kama hii lazima mtumiaji wa kiti aijue na aiwekee dole gumba. Nilikwenda kwa mjomba Jumapili jioni. Dada Spana alisema jambo la maana mtu aambiwe akiwa wima, uso kwa uso, siyo akiwa amelala anatazama pua zako. Nikafunga breki zote mbili, ndipo nikaandika kwamba nimezifunga. Nikamwambia namwinua. Nikabana polepole, kikapanda, nikaachia, kikasimama. Kisha nikakaa mbele yake nikamsomea barua yote, na (c) nikaisoma pia.

Akaanza kutafuta neno. Siku zote huwa namalizia mimi, na kwa kawaida namalizia vibaya. Safari hii sikuwa na neno la kumpa, kwa sababu ya aibu. Nikasubiri. Kati ya neno la kwanza na la pili nilihesabu mpaka kumi na tisa.

"Sakafu," akasema. "Sakafu inamwaga maji. Niliimwaga mimi."

Akanyoosha mkono wa kushoto, kiganja chini, akauinamisha taratibu kuelekea uani, kama alivyouinamisha mara kumi na moja.

Kibaraza hiki alikijenga yeye, miaka kumi na minane iliyopita. Alikipa mteremko makusudi, mkubwa kuliko kawaida, kwa kuwa mvua ya upande ule hupiga mpaka mlangoni na mama hakutaka maji ndani. Akanituma mfuko wake wa vifaa chini ya kitanda, nikaleta pima maji, ile yenye kiputo cha kuonyesha usawa, nikailaza sakafuni. Kiputo kikakimbilia upande wa nyumba, ulio juu. Nikaigeuza, kikakimbilia upande ule ule. Chumbani kikatulia katikati. Kiti hakijawahi kusema uongo hata siku moja. Kimekuwa kikisimama juu ya mteremko, na kwa kuwa breki zake zilikuwa kwenye daftari, kiliteremka.

Nimekata neno "hana" kwenye safu ya maoni, mara kumi na moja, na pembeni nimeweka sahihi yangu.

Jumatatu baada ya kazi Kipara alivuka barabara na ndoo mbili za zege, akatengeneza jukwaa tambarare kibarazani, lenye ukingo wa kuzuia magurudumu, mbali na ngazi. Mjomba alisimamia akiwa nyuzi ishirini. Alilikataa mara mbili. Mara ya tatu kiputo kikatulia katikati. Leo, zege likiwa limekauka, nimepima: kibao sifuri, uzi sifuri, na mjomba hajateleza tangu asubuhi. Mama amekaa kibarazani, mgongo umeegemea ukuta, hamvuti mtu.

Kwa hiyo barua hii haina msingi, tangu namba 1 mpaka (d). Ningeichana, lakini imeshaingizwa kwenye daftari la nyumbani la barua zinazotoka, namba 7, na namba 8, ya mama kwenda kwa shangazi, imeshaondoka. Kutoka 6 kwenda 8 siwezi. Naomba basi muipokee, muigonge muhuri, muifungulie jalada, na msitekeleze hata neno moja lililomo. Ila Dada Spana akipata nafasi aje tena, anitazame nikifanya, asinitazame nikiandika.

Na gari la Jumatano lisije. Mjomba amesema likija atafunga breki. Nimemkumbusha kwamba breki ni mbili na mkono wake ni mmoja. Akanitazama mpaka nikaelewa. Ya kulia nitaifunga mimi.